Mate ya Baraka

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Ndivyo walivyosema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kusimama kwenye kizuizi cha Oldonyo Sambu mwaka ule wa mafua makubwa. Pale mapenzi yalikuwa wazi kwa kila mwenye macho, na kikohozi ndicho kilichofichwa. Watu walikimeza. Mama mmoja alikibana ndani ya shuka mpaka machozi yakamtoka, kisha akadai kuwa ni vumbi la barabara.

Nashilu aliyaona yote hayo akiwa juu ya lori la Mehboob, amekaa kwenye magunia ya chumvi, anarudi nyumbani kutoka mjini Arusha. Mjini alikuwa mshonaji katika duka la Mama Pushpa, na majuma hayo cherehani zote za duka zilikuwa zinashona kitu kimoja tu: vitambaa vya kufunika pua na mdomo, vya wauguzi na vya mtu yeyote mwenye akili. Gauni lake la harusi lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango wa duka, limebaki kupindwa chini tu. Mama Pushpa alikuwa amemuaga kwa mbali kwa kuunganisha viganja kifuani, kama ilivyo desturi ya kwao, akamwambia aende akapate baraka za baba yake, akirudi atakuta pindo limekamilika.

Ugonjwa ule ulikuwa umezunguka dunia kabla ya kufika kwetu, na ulipofika ulikuja na magari ya barabara ya Nairobi. Ndiyo maana serikali ikaweka kizuizi. Abiria wote walishuka, wakanawa mikono kwa sabuni kwenye pipa, wakasimama mmoja mmoja kwa nafasi, wakapimwa homa. Aliyekutwa anachemka alipelekwa kwenye mahema kando ya barabara mpaka apoe. Na mpimaji, dresa, yaani msaidizi wa daktari, kijana mwenye koti jeupe na kitambaa usoni, alikuwa ndiye Lomayani, mchumba wa Nashilu.

Foleni nzima ilijua. Zamu ya Nashilu ilipofika, wanawake waliokuwa nyuma yake walianza kukohoa vikohozi vya uongo, wakisahau kwamba pale kukohoa hakukuwa jambo la mchezo.

"Inua ulimi," Lomayani alisema, akamwekea kipima homa mdomoni. "Funga. Usiseme neno, ukisema kitanidanganya."

Nashilu akafunga mdomo. Alikuwa amezoea kuupenda uso mzima wa mtu huyu, hasa ule mwanya wa meno ya juu, na sasa kitambaa kilikuwa kimemwachia macho tu. Basi akajifunza macho. Aligundua kwamba Lomayani alikuwa anatabasamu kwa macho kabla ya kutabasamu kwa mdomo, na kwamba alikuwa amechoka sana.

"Hii ndiyo nafasi pekee ninayopata ya kusema na wewe bila kukatizwa," Lomayani akaendelea kwa sauti ya chini. "Kwa hiyo sikiliza. Nimekukumbuka mpaka nimekuwa mjinga. Jana nilimpima ng'ombe wa mtu. Kuta za nyumba yetu zimefika kiunoni, na fundi ananiuliza dirisha kubwa liwe upande gani, wa mlima au wa barabara. Nimemwambia mwenye nyumba yuko mjini, asubiri. Wewe unasemaje?"

Nashilu akatoa sauti puani.

"Sijasikia," alisema Lomayani, na macho yakacheka.

Akakitoa kipima homa, akakisoma kwenye mwanga, akatangaza kuwa binti hana homa ila pengine ana hasira. Nashilu alikuwa anatafuta jibu la kumchoma nalo aliposikia sauti anayoijua ikiita kutoka upande wa Longido.

"Pakiteng!"

Alikuwa ni baba yake, Mzee Lerionka, mrefu kama alivyo, koti la kanisani limevaliwa juu ya shuka, fimbo mkononi. Nyuma yake alikuja Mzee Lemburis, wa rika lake, aliyekuwa naye katika ziara ya kuwaalika wazee. Jumamosi ilikuwa siku ya baraka. Baba angechukua funda la maziwa, awatemee bibi na bwana harusi vichwani na vifuani, na wazee wa rika wangefanya vivyo hivyo baada yake. Bila hayo, mchungaji angeweza kusoma kitabu chake chote na kengele zikapigwa, lakini kwa Waarusha binti angekuwa ameondoka nyumbani mikono mitupu. Nashilu alikuwa amewaona wanawake walioolewa bila mate ya baba. Kila mimba iliyoharibika, kila mwaka wa njaa, walirudisha hesabu kwenye siku ile.

Na jina hilo, Pakiteng, halikuwa jina dogo. Watu wawili wakipeana ng'ombe huacha kuitana kwa majina yao, wakaitana kwa ng'ombe yule. Tangu Lomayani alete mtamba wa kwanza wa mahari, Mzee Lerionka hakuwahi kumwita vingine, na alikuwa anapenda kuliita jina hilo kwa sauti mbele za watu.

"Pakiteng, njoo nikusalimu," alisema mzee, akanyoosha mkono. Kijana huinamisha kichwa, mzee hukigusa kwa kiganja. Lomayani alikuwa amemwinamia mzee huyo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

Lomayani akarudi nyuma.

"Shikamoo, Baba. Unisamehe, leo nakuamkia nikiwa hapa hapa."

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Foleni nzima ikautazama.

"Mkono wangu una nini?"

"Hauna kitu, Baba. Ni agizo la watu wote. Naomba unawe, nikupime kama wengine."

Mzee akakitazama kipima homa kama mtu aliyeonyeshwa mdudu. Akauliza kimetoka kinywani mwa nani. Lomayani akamweleza kwa upole kwamba kila kinapotoka kwa mtu huoshwa kwa spiriti. Pengine mambo yangeishia hapo, kwa manung'uniko kidogo na kupima. Lakini Mzee Lemburis alikuwa mtu wa utani, na utani mwingine hauna saa. Aliuliza, ikiwa dresa anaogopa mkono tu, Jumamosi wazee wakimtemea maziwa atakimbilia wapi.

Lomayani alipaswa kucheka. Mtu mwenye busara angecheka, akalijibu swali jioni, faraghani, kupitia kwa mjomba wake. Lakini alikuwa amesimama pale tangu alfajiri, na uongo alikuwa haujui.

"Jumamosi haitawezekana, wazee wangu," alisema. "Mpaka mafua yapite. Ugonjwa huu unabebwa na mate."

Hakuna aliyekohoa tena, hata kwa uongo.

"Nashilu alipozaliwa nilimtemea mate," alisema Mzee Lerionka taratibu. "Alipougua surua nilimtemea, akapona. Alipokwenda mjini kujifunza cherehani nilimtemea, akafika salama. Leo unaniambia miaka yote hiyo nilikuwa nampaka ugonjwa."

"Sijasema hivyo, Baba."

"Umesema, na masikio yangu ni mazima. Basi na wewe nisikilize, dresa." Neno hilo, dresa, lilimwingia Nashilu kama mwiba. "Mate yangu hutayapata. Mwoe kwa spiriti yako."

Akaiacha barabara, akapita katikati ya mashamba ya mahindi kuelekea nyumbani, Lemburis akimfuata nyuma bila utani wowote. Hakupimwa, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Nashilu akamwita Lomayani nyuma ya lori. Machozi yalikuwa yanamlenga na hakutaka foleni iyaone.

"Kichwa kimoja tu, Lomayani. Ungekiinamisha mara moja, ungepungukiwa na nini?"

"Ningeinama, angenishika. Akinishika, ningemshika anayefuata."

"Usiniambie mambo ya agizo. Yule ni baba yangu."

Lomayani akamwambia jambo ambalo alikuwa hajamwambia. Dada yake, Resiato, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume huko Longido, mafua yalipoanza tu kuingia. Babu wa mtoto upande wa baba akaja kumbariki. Alikuwa na kikohozi kidogo, akasema ni baridi.

"Alimbariki kwa upendo, Nashilu. Upendo ule niliuona kwa macho yangu. Na kaburi la mtoto nililichimba kwa mikono yangu. Yule babu mpaka leo hasemi na mtu. Anakaa, anatazama mikono yake. Sitaki baba yako awe yule babu."

Nashilu alitaka kumkumbatia, na kukumbatiana kulikuwa kumekatazwa. Alitaka pia kumpiga kofi. Alijua Lomayani ana haki na baba yake ana haki, na yeye ndiye atakayelipia haki zote mbili.

"Bila mate yake siolewi," alisema.

"Najua."

"Na bado hukuinama."

"Sikuinama."

Akapanda lori bila kuaga. Alijiapiza kutogeuka. Kabla kona haijafika alikuwa amegeuka.

* * *

Kesho yake asubuhi baba yake alikuwa anakohoa. Alijificha ndani ya blanketi akitafuna kikohozi kama watu wa kizuizini, lakini ukuta wa udongo hauna siri. Nashilu aliingia, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa la moto.

Mzee akasema ni jua la jana. Akaagiza kibuyu kikubwa cha maziwa kitolewe, kwa sababu wazee wa rika walikuwa njiani kuja kumpa pole kwa aibu aliyotiwa. Wangeketi pamoja na kunywa kutoka kibuyu kile kile, kama walivyofanya tangu ujana wao.

Hapo ndipo Nashilu alipoelewa jinsi Lomayani alivyosimama jana. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumimina maziwa, kuwa binti mtamu, na labda kufikia jioni baba angelegea na kumrudishia mchumba wake. Alikitazama kibuyu, akawafikiria wale wazee na wajukuu wao. Kisha akajifunga kitambaa cha Mama Pushpa usoni, akaenda kwenye mlango wa boma, akavuta tawi la miiba na kuufunga.

Wazee walipofika aliwaamkia kwa mbali, akawaambia baba anaumwa, wasiingie.

"Tangu lini binti akafunga boma la baba yake?" aliuliza Mzee Lemburis, na safari hii hakuwa anatania.

Kabla Nashilu hajajibu, baba yake alipiga kelele kutoka ndani kwamba watu waingie, boma ni lake. Neno la mwisho halikutoka. Kikohozi kilimkamata, kikamtikisa, kikaendelea mpaka wazee waliokuwa nje wakatazamana. Mzee Lemburis ndiye aliyerudi nyuma kwanza. Alimtazama Nashilu kwa muda, akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa hasira, akawageuza wenzake wakaondoka.

Baba alimwambia binti yake sentensi moja siku hiyo. "Umewafungia wenzangu nje." Kisha akageukia ukutani.

Nashilu aliwahamishia mama yake na wadogo zake nyumba ya pili. Yeye alibaki na mgonjwa. Kikombe cha baba kikawa cha baba peke yake, kikichemshwa kila kilipotumika. Dirisha likaachwa wazi hata upepo wa mlimani ulipolalamikiwa. Alinawa mikono mpaka ngozi ikapauka. Mama yake alikuwa akileta uji, anauweka juu ya jiwe katikati ya uwanja, anarudi nyuma, ndipo Nashilu anautwaa, na mara nyingi walisimama hivyo wakitazamana kama watu walio kingo mbili za mto.

Kila jioni Lomayani alikuja. Hakuvuka ua wa minyaa. Siku ya kwanza aliacha chupa ndogo ya spiriti yenye kipima homa ndani yake, akamwelekeza kwa sauti akiwa ng'ambo ya ua: kitikise kwanza mpaka mstari ushuke, mwekee chini ya ulimi, hesabu taratibu, kisha kioshe. Nashilu alifuata kila neno bila kumjibu. Alikuwa bado amekasirika. Siku iliyofuata alimjibu mambo ya homa tu. Siku ya baadaye alimuuliza kama amekula.

"Nimekula," alisema Lomayani.

"Umekula nini?"

Upande ule wa minyaa Lomayani akaanza kukung'uta vumbi la kofia yake.

"Kumbe uongo unajua kidogo," alisema Nashilu, akamwekea viazi vya kuchemsha kando ya ua na kurudi nyuma. Alisimama mlangoni akimtazama anavyokula, kitambaa kimeshushwa, ule mwanya wa meno ukionekana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Hakuna chakula alichowahi kumpikia mtu kikamfurahisha hivyo. Alitamani ua ule ukauke, mafua yakauke, na kila kitu kilicho kati yao kikauke.

"Anasema nini juu yangu?" Lomayani aliuliza.

"Hasemi. Nikimpima anafunga macho ili asikione kipima homa chako."

"Lakini anafungua mdomo?"

"Anafungua."

"Basi tuna pa kuanzia," alisema Lomayani.

Kisha ikaja ile siku mbaya. Tangu asubuhi homa ilipanda na haikushuka, vitambaa vya maji baridi vikikauka kichwani kama vilivyowekwa jikoni. Mchana baba alianza kuita watu waliokwisha kufa. Nashilu alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba kwa Kiarusha na kwa Kiswahili, akimwahidi Mungu vitu ambavyo hakuwa navyo. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake.

Jua lilipoanza kugeuka, mzee akafungua macho, na yalikuwa macho yake mwenyewe.

"Nashilu. Sogea hapa."

Akasogea.

"Sogea zaidi. Ondoa hicho kitambaa." Alivuta pumzi kwa shida. "Nilisema kwa hasira. Sitaki kwenda na neno lile. Lete maziwa, nikubariki kabla sijaondoka. Uolewe na mtu wako."

Kila kitu alichokitaka Nashilu duniani kilikuwa kimewekwa mbele yake. Kilikuwa hatua moja tu, na funda moja la maziwa. Na kama baba angekufa kabla ya usiku, kisingekuja tena, wala hakuna mzee mwingine chini ya mlima ule ambaye angeweza kumpa. Alilia hapo hapo, bila kujizuia, machozi yakalowesha kitambaa chake.

"Siwezi, Baba."

"Unakataa baraka yangu?"

"Siikatai. Nakuwekea. Ukipona nitakuja kwako kwa magoti, utanipa yote. Leo nikiichukua, nitampelekea Mama ugonjwa, na wadogo zangu. Hiyo haitakuwa baraka uliyotaka kunipa."

"Na nisipopona?"

"Nitaolewa na uchungu huo, au sitaolewa kabisa," alisema Nashilu. "Lakini utapona. Kwa hiyo kunywa maji."

Mzee alimtazama. Kisha akafungua mdomo, akanywa.

Jioni Lomayani alipofika kwenye minyaa, alimkuta Nashilu ameketi chini, amejiegemeza mlangoni. Nashilu akamsimulia. Lomayani hakumsifu, wala hakusema alifanya vyema. Alivua kofia yake, akaketi upande wake wa ua, akabaki pale mpaka giza lilipoingia, na Nashilu akajua kwamba ataolewa na mtu huyu au hataolewa na yeyote.

Alfajiri homa ilishuka. Nashilu alikitikisa kipima homa, akapima tena, kisha akatoka mbio uwanjani kumwambia mama yake, na wote wawili wakacheza kila mmoja kwenye upande wake wa jiwe.

* * *

Mzee Lerionka alipona polepole, na kwa kimya. Alikaa juani, akapata tena nguvu za miguu, akaanza kugombana na mbuzi. Mle bomani hakuna mwingine aliyeugua. Wazee wa rika lake wote walikuwa wazima. Mzee Lemburis alileta habari, akizisema kutoka mbali, kwamba upande wa pili wa korongo kulikuwa na boma walikoketi na kunywa pamoja kama kawaida, na sasa hapakuwa na mtu aliyebaki wa kuchunga ng'ombe. Mzee Lerionka alisikiliza mpaka mwisho. Nashilu alikuwa amepiga magoti kama alivyoahidi, na baba yake alimwambia ainuke, siku ya baraka bado.

Mafua yakazidi kupungua, mahema kando ya barabara yakabaki matupu. Siku moja ya soko mzee aliamka mapema, akavaa koti la kanisani, akaagiza kibuyu cha maziwa kilichofukizwa vizuri, akamwambia mkewe na Nashilu wamfuate. Njiani Lemburis na wazee wengine walijiunga nao. Nashilu aliona wanaelekea kizuizini, kando ya soko. Alidhani baba anakwenda kulipa aibu kwa aibu.

Mzee akasimama kwenye foleni. Wanawake wenye vikapu vya maharage walimpisha kwa heshima, akakataa kupita. Zamu yake ilipofika alivuta mikono ya koti juu, akanawa kwa sabuni mpaka viwiko, bila haraka, soko zima likimwangalia. Kisha akasimama mbele ya Lomayani.

"Dresa," alisema. "Nipime."

Lomayani akakitoa kipima homa kwenye spiriti. Mzee akafungua mdomo, akafunga, akasimama wima kama mtu anayeapishwa. Watu waliacha kupatana bei. Lomayani akakisoma.

"Huna homa, Baba."

"Sema kwa sauti. Siku ile ulisema kwa sauti."

"Mzee Lerionka hana homa," alisema Lomayani, na soko likasikia.

"Na kikohozi changu?"

"Kimekauka siku nyingi. Aliyepona hivyo hana cha kumwambukiza mtu."

"Vizuri. Mpime binti yangu." Nashilu akapimwa, naye hakuwa na homa. "Sasa na wewe upimwe. Nisije nikamgusa mtu mgonjwa."

Watu wakaanza kucheka chini chini. Lomayani akatazama huku na huku, maana dresa alikuwa ni yeye peke yake. Nashilu akasogea mbele, akanawa, akakitwaa kipima homa, akakiosha na kukitikisa kwa mkono uliozoea.

"Inua ulimi," alimwambia. "Funga. Usiseme neno, ukisema kitanidanganya."

Macho yake Lomayani yakaanza kutabasamu. Hii ndiyo nafasi Nashilu aliyoingojea tangu siku ile ya magunia ya chumvi.

"Dirisha liwe upande wa mlima," alimwambia kwa sauti ya chini. "Na mlango mwambie fundi aufanye mpana, baba yangu atakuwa anakuja mara kwa mara. Hilo la kwanza. La pili, uliponiambia hukuinama, nilikuchukia mpaka kwenye kona. La tatu nitakuambia nyumbani kwetu, mlango ukiwa umefungwa."

Lomayani alitoa sauti puani.

"Sijasikia," alisema Nashilu, akakitoa kipima homa na kukisoma kwenye mwanga. "Hana homa, Baba."

Basi Mzee Lerionka akanyoosha mkono, ule ule uliobaki hewani. Lomayani akavua kofia na kuinamisha kichwa chini sana, na kiganja cha mzee kikatua juu yake, kikakaa. Wanawake wa maharage walipiga vigelegele kabla ya wakati. Mzee akawapigisha magoti wote wawili hapo hapo kwenye vumbi la barabara ya Nairobi, akapokea kibuyu kutoka kwa mkewe, akachukua funda.

Aliwatemea vichwani, akawatemea vifuani, akiomba kila mara, wapate watoto, wapate ng'ombe, wazeeke pamoja, na wazee wakiitikia "Ngai", yaani Mungu, kwa sauti nzito iliyotoka tumboni. Maziwa yalikuwa ya uvuguvugu. Yalimtiririka Nashilu kwenye nyusi mpaka midomoni, yakachanganyika na machozi, na alijua kwamba anayaonja kwa haki, hakuyaiba, wala hayakumwua mtu. Pembeni yake Lomayani alikuwa amefumba macho, uso umelowa chapachapa, koti jeupe la serikali limejaa madoa, anacheka na kulia kwa pamoja.

Mzee aliwainua. Akarudisha kibuyu, akapangusa midomo kwa kitambaa alichokitoa mfukoni, kimoja cha vile vya Mama Pushpa, kisha akakifunga usoni mwake mwenyewe kama mtu aliyezaliwa nacho. Akageuka kuitazama foleni iliyokuwa imerefuka mpaka kwenye mti wa mwisho wa soko.

"Sasa kanawe uso, Pakiteng," alisema. "Watu wanakusubiri."